Je, kiti cha Waziri Mkuu ni kaburi la urais?

Msomaji wa Singida ameandika hivi: "Novemba 2025 Mheshimiwa Mwigulu Nchemba alipoapishwa kuwa Waziri Mkuu, huku kwetu tulishangilia sana kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani. Baba mkwe wangu peke yake alikaa kimya. Baadaye akasema tusifurahi kupita kiasi, kile kiti ni kaburi la urais, hakuna aliyekikalia akawa Rais isipokuwa Mwalimu. Mimi nilikuwa najua Waziri Mkuu ndiye mkuu wa serikali. Je, mzee ana hoja? Na kama anayo, kwa nini imekuwa hivyo?"

Ndugu yangu, mpe mzee heshima yake, hesabu yake haina kosa. Kati ya Nyerere na Nchemba wamepita watu kumi: Rashidi Kawawa, Edward Sokoine, Cleopa Msuya, Salim Ahmed Salim, Joseph Warioba, John Malecela, Frederick Sumaye, Edward Lowassa, Mizengo Pinda na Kassim Majaliwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa Rais. Marais wetu wametoka kwingine. Ali Hassan Mwinyi alitoka kwenye urais wa Zanzibar, Benjamin Mkapa kwenye Wizara ya Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu, Jakaya Kikwete kwenye Mambo ya Nje, John Magufuli kwenye Ujenzi, na Samia Suluhu Hassan kwenye umakamu.

Wala usidhani hawakuutaka. Jina la Kawawa na la Salim yalikuwa mezani mwaka 1985. Malecela na Msuya waliomba mwaka 1995. Malecela akarudi tena 2005, safari hiyo pamoja na Salim na Sumaye. Mwaka 2015 walikuwamo Lowassa, Pinda, na Sumaye kwa mara nyingine. Saba kati ya kumi, na wote walikwama.

Ninakotofautiana na mzee ni kwenye neno kaburi. Lakini kabla ya kufika huko, tunyooshe hilo la mkuu wa serikali, maana ndiko jibu linakoanzia.

Katiba ya 1977, Ibara ya 33, inampa Rais vyote vitatu: ukuu wa nchi, uongozi wa serikali na uamiri jeshi mkuu. Waziri Mkuu anakuja mbele kidogo, Ibara ya 51 hadi 53A. Yeye anasimamia utekelezaji wa kazi za serikali "siku hata siku", anaongoza shughuli za serikali bungeni, na anatekeleza jambo lolote ambalo Rais ataagiza. Kwa madaraka hayo anawajibika kwa Rais. Bunge linaweza kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani naye, lakini haliwezi kumchagua. Nafasi ikiwa wazi, mpambe wa Rais anaingia ukumbini Dodoma na bahasha, Spika anaifungua na kusoma jina, kisha wabunge wanapiga kura ya kulithibitisha. Novemba 2015 Job Ndugai alipolisoma jina la Kassim Majaliwa, nchi nzima iliuliza ni nani huyo, kwa kuwa alikuwa amefika unaibu waziri tu, hajawahi kuwa waziri kamili. Mtu huyo huyo, ambaye asubuhi hakuna aliyemtaja, jioni alikuwa msimamizi wa mawaziri wote. Kilichompandisha ni jina lililoandikwa ndani ya bahasha. Cheo kinachotolewa namna hiyo huondolewa namna hiyo hiyo.

Mambo hayakuwa hivyo mwanzoni. Nyerere aliapishwa kuwa Waziri Kiongozi wa Tanganyika Septemba 1960, chini ya Gavana Richard Turnbull, na tarehe 1 Mei 1961 akawa Waziri Mkuu. Uhuru ulipofika Desemba mwaka huo, mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza, na Turnbull akabaki kama Gavana Mkuu anayemwakilisha. Waziri Mkuu wa wakati ule alikuwa mkuu wa serikali kwelikweli, wa mtindo wa London. Kama ulichosoma shuleni ni hicho, hukukosea. Ulisoma historia ya miezi michache tu. Kenyatta alipita njia hiyo Kenya, Obote akaipita Uganda: wote watatu walianza kama mawaziri wakuu wa mtindo wa Kiingereza, wote watatu wakaishia kuwa marais wenye madaraka ya utendaji. Kwa hiyo Mwalimu hakupanda kutoka kwenye kiti hiki tunachokijua leo. Kile alichokalia kilikuwa kitu kingine chenye jina lile lile.

Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu akarudi kukijenga chama cha TANU, akamwachia Kawawa. Huyu alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, mchapakazi, mwaminifu kupita kiasi. Katika miezi kumi na moja aliharakisha kuwapandisha Waafrika kwenye utumishi wa serikali, akapitisha sheria ya kuwekwa watu kizuizini ambayo baadaye ililalamikiwa sana, na akasimamia kuandikwa kwa katiba ya jamhuri. Katiba hiyo ndiyo iliyokifuta cheo chake mwenyewe. Tarehe 9 Desemba 1962 Nyerere aliapishwa kuwa Rais, uwaziri mkuu ukafa, Kawawa akawa Makamu wa Rais. Ninaona hapo ndipo tabia ya kiti hiki ilipowekwa. Mtu wa kwanza kukipokea kutoka kwa Nyerere alikishika kwa niaba ya mwenzake, akatayarisha mahali pa mwenzake, kisha akasogea. Namheshimu Kawawa kwa hilo, kwa sababu nchi nyingi za Afrika miaka ile aliyeachiwa kiti hakukirudisha.

Kwa muda wa takriban miaka kumi hatukuwa na Waziri Mkuu kabisa. Kazi ya kuongoza serikali bungeni aliifanya Kawawa kama Makamu wa Pili wa Rais. Februari 1972 Nyerere akakifufua cheo, na sababu yake inafaa kukumbukwa. Ndio mwaka wa Madaraka Mikoani: halmashauri zilifutwa, mikoa na wilaya zikapewa wakurugenzi wa maendeleo na mafungu yao. Alihitajika mtu wa kuyafuatilia yote hayo, kisha uhamishaji wa watu vijijini uliofuata. Kawawa akapewa tena.

Hadi leo ukitaka kujua Waziri Mkuu ana nguvu kiasi gani, usisikilize hotuba. Tazama TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, iko ofisi ya nani. Huko ndiko waliko wakuu wa mikoa na wilaya, halmashauri, walimu wa shule za msingi na sekondari, zahanati. Enzi za Mkapa ilikuwa Ofisi ya Rais. Kikwete alipoingia akaihamishia Ofisi ya Waziri Mkuu, na ndiyo maana Lowassa aliweza kuwabana wakuu wa mikoa mpaka shule za kata zikajengwa nchi nzima kwa muda mfupi. Magufuli alipounda baraza lake Desemba 2015, akaichukua na kuirudisha Ikulu. Katiba haikubadilishwa hata nukta, lakini ofisi ya Waziri Mkuu wa 2007 na ile ya 2016 zilikuwa na uzito tofauti kabisa. Jambo hili huwa halitangazwi, linakaa kwenye hati ya mgawanyo wa majukumu ya wizara.

Sokoine ndiye anayewasumbua wengi wanaojadili swali lako. Alishika kwanza 1977 hadi 1980, akapumzika, akarudishwa Februari 1983 nchi ikiwa taabani. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina, mafuta ghali, sabuni na sukari watu wanapanga foleni. Mwezi uliofuata akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Waliokuwa wameficha bidhaa walizitupa usiku, mitaroni na porini, wakiogopa kukutwa nazo. Watu wa kawaida walimpenda kwa hilo. Ni kweli pia kwamba wapo waliokamatwa bila ushahidi wa kutosha na kupelekwa mbele ya baraza maalumu badala ya mahakama za kawaida, na sifa zake zisitufanye tulisahau hilo. Mwaka huo huo serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, baada ya UDA, shirika la umma la mabasi ya jiji, kuelemewa. Ndizo daladala zako za leo. Tarehe 12 Aprili 1984 alitoka bungeni Dodoma kwa barabara kurudi Dar es Salaam, akafa kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akiwa na miaka 45. Wengi walimhesabu kuwa mrithi wa Mwalimu. Huenda angekuwa, lakini haliwezi kuthibitishwa, na mimi sipendi kujenga hoja juu yake.

Aliyeshika baada yake, Salim Ahmed Salim, alikuja na jina kubwa kutoka Umoja wa Mataifa. Mwaka 1985 alikuwa karibu kabisa na Ikulu kuliko Waziri Mkuu yeyote kabla yake. Alikwamia ndani ya chama, ambako baadhi ya Wazanzibari wenzake walimpinga kwa historia yake ya siasa za kabla ya Mapinduzi. Mwinyi akapita. Mwaka 2005 alijaribu tena, akashika nafasi ya pili nyuma ya Kikwete kwenye mkutano mkuu wa CCM. Katikati hapo aliongoza sekretarieti ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba amezikwa na uwaziri mkuu, atakushangaa.

Chini ya Mwinyi kiti kilipanda hadhi kwa njia ambayo vijana wengi hawaijui. Kwa kuwa Rais alitoka Zanzibar, Waziri Mkuu alikuwa pia Makamu wa Kwanza wa Rais. Warioba, Malecela na Msuya walivaa kofia zote mbili. Hao ndio waliokuwa na nafasi nzuri zaidi kikatiba, na ndiyo maana kuanguka kwa Malecela kunafundisha sana.

Mwishoni mwa 1992 Zanzibar ilijiunga na jumuiya ya nchi za Kiislamu, OIC, ilhali mambo ya nje ni ya Muungano. Bunge likachemka. Agosti 1993 kundi la wabunge lililojulikana kama G55 likaleta hoja ya kuundwa Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Serikali iliyokuwa ikipinga jambo hilo ikalegea, ikakubali hoja irekebishwe na ipite. Mwalimu, aliyekuwa amestaafu, alikasirika. Aliandika kijitabu na kumtaja kwa jina Malecela pamoja na Katibu Mkuu wa CCM, Horace Kolimba, kwamba ndio waliomshauri Rais vibaya na walipaswa kuondoka. Azimio likafutwa, na Desemba 1994 Malecela akatolewa, Msuya akarudishwa. Sasa angalia mahali lawama ilipotua. Rais alikuwa Mwinyi, baraza la mawaziri lilikuwa lake, uamuzi wa kulegea ulifanywa na serikali nzima. Aliyebeba ni Waziri Mkuu. Mwaka uliofuata, Malecela alipotaka urais, Nyerere hakuwa tayari hata kumsikia.

Sumaye alikaa miaka kumi na mwezi chini ya Mkapa, muda mrefu kuliko yeyote. Kazi yake ilikuwa ya kimya, na Mkapa alikuwa Rais anayependa kushika mambo mwenyewe.

Lowassa alikuwa kinyume chake, na kwake ndiko nataka ukae kidogo. Alikuwa mshirika wa Kikwete wa miaka mingi, wakaingia madarakani pamoja Desemba 2005. Nguvu yake ilionekana haraka, pengine haraka mno. Mwaka 2006 nchi ikakumbwa na ukame, mabwawa yakakauka, umeme ukawa wa mgao, na serikali ikaingia mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, ambayo haikuwa na uwezo wa kuutimiza. Kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe ikasoma ripoti yake Februari 2008 na kuielekeza lawama hadi ofisi ya Waziri Mkuu. Tarehe 7 Februari Lowassa alisimama bungeni akajiuzulu. Alilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza, na hakuacha kukana kosa hadi mwisho wa maisha yake. Waziri Mkuu akijiuzulu, mawaziri wote huanguka naye, kwa hiyo Kikwete akalivunja baraza na kuunda jingine. Urais wenyewe haukuguswa.

Baba mkwe wako angesema hapo ndipo kaburi lilipofunikwa. Haikuwa hivyo. Miaka saba baadaye Lowassa alikuwa mwana-CCM mwenye wafuasi wengi kuliko waombaji wenzake wote. Julai 2015 Kamati Kuu ikalikata jina lake, na wajumbe wa Halmashauri Kuu wakampokea Mwenyekiti wao, Kikwete, ukumbini Dodoma kwa kuimba kwamba wana imani na Lowassa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu walijitenga hadharani na uamuzi huo, mmoja wao Emmanuel Nchimbi, ambaye sasa ni Makamu wa Rais. Lowassa akahamia Chadema, akagombea kwa mwavuli wa Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, akapata kura zaidi ya milioni sita, karibu asilimia 40. Hakuna mgombea wa upinzani aliyekuwa amefika karibu na hapo.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, uwaziri mkuu hauui umaarufu wa mtu kwa wananchi. Mara nyingine unaujenga. Tatizo linakuja kwenye vikao vya chama, hasa Kamati Kuu, ambako wachache wanapunguza majina kabla mkutano mkuu haujakaa. Waziri Mkuu anafika mbele ya kikao hicho akiwa ameshakaa miaka kadhaa akiwaagiza mawaziri, akiwafokea wakuu wa mikoa, akiwanyima wabunge walichoomba. Kila mmoja wao ana kumbukumbu. Zaidi ya hapo, anakuwa na watu wake tayari katika kila mkoa, na wapinzani wake wanaogopa kwamba akipita yeye, nafasi zote zimeshagawanywa. Wanaungana dhidi yake kwanza, ndipo wanashindana wao kwa wao. Waziri wa kawaida, kama Mkapa mwaka 1995 au Magufuli mwaka 2015, hana mzigo huo. Anapita kwa sababu makundi makubwa yamechoshana na yeye hajamuudhi mtu wa kutosha.

La pili ni hili la lawama, ulilokwisha kuliona kwa Malecela. Mvua ikinyesha na barabara ikijengwa, sifa ni za Rais. Mgao wa umeme, mafao yaliyochelewa, halmashauri iliyokula fedha, anayesimama bungeni kujibu ni Waziri Mkuu. Pinda, mtu mpole aliyejiita mtoto wa mkulima, alilikuta hilo kila Alhamisi kwenye maswali ya papo kwa papo. Mwaka 2012, baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuanika uozo wa wizara, wabunge walianza kukusanya sahihi za kutokuwa na imani naye, ilhali mawaziri waliolalamikiwa hakuwateua yeye na hakuwa na uwezo wa kuwafukuza. Huu ndio udhaifu ninaoulalamikia siku zote katika mfumo wetu: tumempa mtu wajibu wa kujibu bila kumpa mamlaka ya kurekebisha.

La tatu ni geni kidogo. Tangu mabadiliko ya katiba yaliyoanza kutumika 1995, Makamu wa Rais anatokana na mgombea mwenza, na Rais akifariki ni Makamu anayeapishwa kumalizia muda. Waziri Mkuu akateremka ngazi. Machi 2021, Magufuli alipofariki, Majaliwa alikuwa na zaidi ya miaka mitano ya kuendesha serikali, alikuwa ametangulizwa Dodoma tangu 2016 wakati wa kuhamisha makao makuu, na watumishi wote walimjua. Samia akaapishwa tarehe 19, kama Katiba inavyotaka, naye Majaliwa akabaki palepale kumtumikia Rais mwingine. Julai 2025 akatangaza kwamba hatagombea tena ubunge Ruangwa, na kwa kuwa Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo, safari yake kwenye kiti ikaishia hapo.

Na kama unadhani ni jambo la bara tu, tazama Zanzibar. Kuanzia 1983 hadi 2010 walikuwa na Waziri Kiongozi. Walipita watano: Ramadhani Haji Faki, Seif Sharif Hamad, Omar Ali Juma, Mohamed Gharib Bilal na Shamsi Vuai Nahodha. Hakuna aliyekuwa Rais wa Zanzibar. Omar Ali Juma na Bilal walifika umakamu wa Rais wa Muungano. Seif, aliyeondolewa 1988, aligombea urais wa visiwa akiwa upinzani katika kila uchaguzi mkuu kuanzia 1995 hadi 2020.

Turudi kwa Nchemba, mtoto wenu wa Iramba. Hakuna kifungu kinachomzuia. Amewahi kuomba, alikuwa mmoja wa makada waliochukua fomu 2015, na anaijua hazina kwa kuwa alikuwa Waziri wa Fedha tangu 2021. Rais Samia aliushika urais mwaka 2021 kwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya uchaguzi wa 2025, na kwa Ibara ya 40 mtu wa namna hiyo hugombea mara moja tu, kwa hiyo CCM italazimika kutafuta mgombea mpya 2030. Nchemba akidumu hadi wakati huo, atakuwa ametimiza miaka mitano ya kuwajibu wabunge, na mbele yake kwenye itifaki yupo Makamu aliyekaa Kamati Kuu siku jina la Lowassa lilipokatwa. Mwambie mzee asubiri vikao vya chama vya mwaka huo.